Saumu ya Yezebeli na Shamba la Nabothi

 

Kila Ramadhan twahadithiwa vita vya Badr, na tangu chuoni twajua kuwa Waislamu siku ile walikuwa mia tatu na kitu. Lakini wangapi wetu twajua kuwa sahaba al-Baraa bin Azib (R.A.) alisimulia, na imo katika Bukhari, kwamba wao wenyewe walikuwa wakisema idadi ile ni sawa na ya wale waliovuka mto pamoja na Talut? Yaani sahaba walipotaka mfano wa kujipimia walirudi kwa Bani Israil. Kisa chenyewe kimo katika Suratul Baqara kuanzia aya ya 246. Watu wamwendea nabii wao wakitaka mfalme, wapewa Talut, walalamika ati hana mali, kisha wajaribiwa kwa kiu mtoni. Wengi wakashindwa na maji tu, hata adui hawajamuona.

Nabii yule hakutajwa jina katika Qur'ani, ila baadhi ya mufassirina humwita Shamwil, ndiye Samweli wa majirani zetu Wakristo. Katika kitabu chao, Samweli aliwaonya watu kabla ya kuwapa mfalme: atawachukua watoto wenu awatie jeshini, na atachukua mashamba yenu mazuri awape watumishi wake. Hilo la mashamba tuliweke akilini, tutalirudia.

Kuna jambo moja hapa ambalo mimi lilinishangaza. Mayahudi wanapopanga vitabu vyao, vile vinavyosimulia habari za wafalme huviweka katika fungu la Manabii. Wafalme wa Misri na wa Ashuru waliwaamrisha makarani wawachongee sifa zao katika mawe, nani kamshinda nani. Kwa Bani Israil mfalme ajulikana kwa alivyoambiwa na nabii, na mara nyingi aliambiwa maneno machungu.

Sasa, kabla hatujaendelea, najua kuna ndugu atauliza: tunaruhusiwa kusimulia haya? Ulamaa wametuwekea mizani. Katika habari za Israiliyat, inayoafikiana na Qur'ani twaisadiki. Inayoipinga twaitupa, kama ule uzushi juu ya Nabii Dawud (A.S.) na mke wa askari wake. Na ile ambayo Qur'ani imeinyamazia, hatuisadiki wala hatuikadhibishi, lakini kuisimulia kwa mazingatio hakuna ubaya. Kisa ninachokileta kiko katika fungu hili la tatu.

Nabii Ilyas (A.S.), ambaye Wakristo humwita Eliya, ametajwa katika Suratus Saffat, aya ya 123 hadi 132, pamoja na watu wake walioabudu Baal. Mfalme wake hakutajwa. Kitabu cha Mayahudi chamtaja kuwa ni Ahabu, aliyetawala ufalme wa kaskazini, mji wake mkuu Samaria, katika karne ya 9 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Na huyu si mtu wa ngano. Mfalme wa Ashuru, Shalmaneser wa Tatu, alichonga jiwe, ambalo leo liko katika jumba la makumbusho la London, na ndani yake amemtaja Ahabu kati ya wafalme waliopigana naye mwaka 853 K.K., akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Alikuwa mfalme mwenye nguvu hasa.

Mfalme huyu alikuwa na jumba Yezreeli, na ubavuni mwa jumba pana shamba la mizabibu la mtu aitwaye Nabothi. Ahabu akalitaka alifanye bustani ya mboga. Akataja bei, akasema pia aweza kumpa shamba jengine bora kuliko lile. Nabothi akakataa: huu ni urithi wa baba zangu. Na kwa sheria yao alikuwa na haki, maana ardhi ya ukoo haikuwa ya kuuzwa moja kwa moja. Mfalme akarudi kwake, akalala kitandani akageukia ukutani, chakula hataki. Mtu mzima!

Mkewe Yezebeli, binti wa mfalme wa Sidoni, ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika barua kwa jina la mumewe, akazipiga mhuri wake, akazipeleka kwa wazee wa mji wa Nabothi. Na neno la kwanza katika barua zile, ndugu msomaji, lilikuwa hili: tangazeni saumu. Watu wakusanyike, wafunge, Nabothi akalishwe mbele yao, kisha waje mashahidi wawili waseme kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Ikawa hivyo. Wazee walitii, mashahidi walisema, Nabothi akatolewa nje ya mji akapigwa mawe mpaka akafa. Kwa karatasi kila kitu kiko sawa: barua ina mhuri, mashahidi wametimia wawili, na mji mzima umefunga!

Wasimulizi wengi humtwika Yezebeli peke yake. Mimi sioni hivyo. Ahabu hakuuliza shamba limepatikanaje, aliinuka tu akaenda kulichukua, na Ilyas alitumwa kwake yeye. Alimkuta mle mle shambani, akamuuliza kama ameua na kurithi pia. Hapo Ahabu akararua nguo zake, akavaa gunia, akafunga. Saumu mbili katika kisa kimoja, ya mwanzo ya kufunika dhulma, ya pili ya mtu aliyejijua. Sisi nasi tuna hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuwa asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na juu ya ardhi twaijua ile ya shubiri moja iliyochukuliwa kwa dhulma, kwamba mtu atavishwa shingoni kwa ardhi saba. Aliyeipokea ni Said bin Zayd (R.A.), na aliitaja aliposhtakiwa na mwanamke kwa Marwan kuhusu kipande cha ardhi. Akamwachia akitakacho.

Huku kwetu, serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani mwaka 1908. Kila mwenye kudai ardhi alete madai yake yaandikwe, na isiyodaiwa iwe ya serikali. Waarabu, Waswahili, Wahindi na Wazungu wakenda na karatasi zao na mashahidi wao. Wagiriama na ndugu zao Mijikenda wengi, ambao ardhi kwao ni ya mbari na karatasi hawana, wakajikuta maskwota mahali walipolima. Tukiwa wakweli, baadhi ya waliopata hati zile ni watu wetu, wenye kuswali na kufunga. Si kila hati ilikuwa ya dhulma, hasha, lakini si kila shahidi alikuwa mkweli. Baada ya uhuru wa 1963 wenye nguvu walibadilika tu, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza namna ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa kinyume cha sheria, nchi nzima.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alisimama mbele ya watu wa serikali akapinga vijana kuchukuliwa kufanya kazi za Wazungu. Hatusemi alikuwa nabii, mlango huo umefungwa kwa Mtume wetu. Lakini aliyoyapinga ndiyo yale yale Samweli aliyoyaonya, watoto na mashamba. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali huko Kisii, wakatoroka mwaka 1914 wakarudi pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, penye rutuba, wakafukuzwa na nyumba zao kuchomwa. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, Magarini, ng'ambo ile ile.