Chozi na Panya-miiba

Chozi kidari-chekundu (Chalcomitra senegalensis) hufuata maua ya mishubiri na vichaka, na panya-miiba wa jenasi Acomys hujibanza katika nyufa za miamba. Mandhari ya vichaka na majabali ya graniti ni jambo ambalo msomaji wa Unyambwa, mkoani Singida, hana haja ya kuelezwa. Kumlinganisha ndege na panya huonekana kazi bure, ila hawa wawili wana shauri moja: kila mmoja ana mfano wake Amerika, ambako chozi hufananishwa na ndege-mvumaji, na panya wetu na panya-miiba wa jenasi Proechimys. Mifano hiyo hutueleza wanyama hawa wanaishije. Haituelezi wametoka wapi.

Chozi na mvumaji wana mdomo mwembamba, ulimi wa kunyonyea mbochi, na madume yenye manyoya yanayometameta. Hata hivyo chozi yumo katika oda moja na shomoro, ilhali mvumaji ni jamaa wa teleka. Tofauti iko begani: bega la mvumaji humwezesha kuligeuza bawa, apate nguvu ya kumwinua hata bawa linaporudi nyuma, hivyo husimama hewani mbele ya ua. Chozi kwa kawaida hutua tawini kwanza. Atakayepinga atasema chozi naye huelea, na ni kweli: Afrika Kusini, chozi wa spishi Nectarinia famosa huelea kwenye maua ya Nicotiana glauca, mmea uliotoka Amerika Kusini na usio na mahali pazuri pa kutua. Lakini pingamizi hilo linaitia nguvu hoja. Ua geni limemtwika ndege wa Afrika kazi ya mvumaji bila kumpa bega lake.

Kwa panya mambo ni yaleyale, na ushahidi ni mnono zaidi. Miiba ya pande zote mbili ni nywele zilizokakamaa, lakini Proechimys ana undugu na simbilisi, na Acomys yuko karibu na panya wa jangwani wa Gerbillinae kuliko panya wa nyumbani. Mtu akisema kulinganisha wasio ndugu ni kupoteza wakati, jibu ni kwamba undugu ungekuwapo, mfanano usingekuwa na la kueleza. Wangekuwa wameurithi tu. Hata hivyo umbo lina mipaka yake. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa Acomys kempi na Acomys percivali wa Kenya. Ngozi yao huchanika kirahisi mno, na wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongoni kisha ikaota upya pamoja na nywele. Matundu ya milimita 4 masikioni nayo yalizibika, hata gegedu likarudi. Hakuna ambaye angeyabashiri hayo kwa kuitazama miiba. Mkia ni habari nyingine: Proechimys na Acomys wote huupoteza upesi wakikamatwa, na kwa wote wawili hauoti tena.