Leza na Konea Iliyochongoka

Keratokonasi ni ugonjwa wa konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Konea hulegea, hukonda, kisha huchongoka kama pia, na taa moja ya barabarani ikaonekana kama taa tatu zenye mikia. Mara nyingi huanza ujanani. John Nottingham, daktari wa Liverpool, aliueleza kwa kina mwaka 1854. Mwaka 1888 Eugène Kalt wa Paris alijaribu kuukandamiza mchongoko huo kwa lenzi za kioo zilizovaliwa juu ya jicho. Karne iliyofuata ilikuwa ya lenzi, na ziliposhindwa, ya kupandikiza konea ya marehemu.

Leza ya eksaima, inayotumika kuchonga konea, ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1981 watafiti wa kampuni ya IBM, Marekani, akiwemo Rangaswamy Srinivasan, waliielekeza kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona inakata nyama bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 Srinivasan na daktari Stephen Trokel waliijaribu kwenye macho ya ng’ombe. Wenye kutoona mbali wakapata tiba. Wagonjwa wa keratokonasi hawakupata, kwani leza hurekebisha jicho kwa kuipunguza konea, na yao ilikwisha kukonda. Mwaka 1998 Theo Seiler na wenzake walieleza macho ambayo konea zake zilituna baada ya upasuaji wa leza uitwao lasiki. Tangu hapo kumpima mteja keratokonasi kabla ya leza si jambo la hiari.

Ufumbuzi ulitoka Dresden, Ujerumani, ambako Seiler, Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak walitafuta kwanza namna ya kuikaza konea. Ngozi yake ya juu huondolewa, matone ya manjano ya vitamini B2 hudondoshwa kwa nusu saa, kisha jicho humulikwa miale ya urujuanimno, na nyuzi za kolajeni hushikamana. Matokeo yao kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2016.

Tiba hiyo ya kukaza konea ndiyo iliyoirudisha leza. John Kanellopoulos wa Athens aliunganisha tiba hizo mbili: leza husawazisha mabonde na vilima vya konea, kwa kawaida bila kuzidi mikroni 50, halafu konea hukazwa siku hiyohiyo. Mgonjwa asiyeelezwa mapema huvunjika moyo, kwa sababu lengo si kuitupa miwani, ni kulifanya jicho liweze kusaidiwa na miwani. Konea yenye kovu zito katikati bado huhitaji kubadilishwa kwa kupandikiza nyingine.