Michoro ya Awali na Kusudi la Mwandishi: Mfano wa The Mystery of Edwin Drood

Wahakiki wengi huuchukulia mchoro wa riwaya kuwa pambo tu, na rasimu ya mchoro huo kuwa kitu cha kutupwa kazi ikiisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rasimu yaweza kuwa hati ya historia ya fasihi, mradi isomwe kwa tahadhari.

Mfano wetu ni riwaya ya mwisho ya Charles Dickens. Ilikusudiwa kutolewa kwa sehemu 12 za kila mwezi, lakini mwandishi alifariki tarehe 9 Juni 1870, zikatoka 6 tu. Kwa hiyo swali kuu halikujibiwa: je, kijana Edwin Drood aliuawa na mjomba wake, John Jasper, au aliokoka?

Rasimu ya jalada ilichorwa mwaka 1869 na Charles Allston Collins, mkwewe Dickens. Afya yake ilipomzuia kuendelea, kazi ilikabidhiwa kijana Luke Fildes. Chini ya jalada lililochapwa yupo mtu mwenye taa, naye amekabiliana na mwingine aliyesimama gizani. Wako waliosema huyo ni Edwin, yu hai. Wengine wakadai ni mtu aliyejigeuza sura. Na wengine, kwamba ni njozi ya muuaji. Aidha, katika rasimu ya Collins wanaopanda ngazi upande mmoja ni polisi, ilhali katika jalada la Fildes ni raia. Yamkini sare ya polisi ilifichua mengi mno. Lakini hiyo ni dhana, kwani picha haisemi sababu ya kugeuzwa kwake.

Ushahidi ulio thabiti zaidi umetokana na jambo dogo. Fildes alikwisha kumchora Jasper akiwa na tai nyembamba inayozunguka shingo mara moja. Baadaye akaona maelezo mapya yanamtaka Jasper avae kitambaa kirefu cha kuzunguka mara mbili. Akauliza sababu. Dickens alisita, akamtaka atunze siri, kisha akamwambia kuwa kitambaa hicho ni cha lazima, kwa kuwa ndicho Jasper atakachomnyongea Edwin. Fildes aliyaeleza hayo hadharani mwaka 1905.

Mtu aweza kupinga kwamba kumbukumbu ya miaka 35 haiaminiki. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Kwanza, swali la Fildes lilikuwa la kikazi: mchoraji hawezi kubadili vazi la mhusika pasipo sababu. Pili, skafu nyeusi ya hariri imo katika matini yenyewe, katika sura ya 14. Tatu, Collins naye, katika barua ya mwaka 1871, alisema kuwa Edwin hakukusudiwa kurudi.

Ni dhahiri, basi, kwamba waliolisoma jalada kama ramli walikosea njia. Jalada lilibuniwa wakati hadithi ingali changa, na mwandishi alikuwa huru kubadili nia. Thamani ya rasimu imo katika tofauti baina yake na kazi iliyokamilika, na katika mazungumzo yaliyozaliwa na tofauti hiyo. Mtafiti anayehifadhi picha ya mwisho pekee huhifadhi jibu akapoteza swali lake.