Chumvi ya Kibiro na Mafuta ya Ziwa Albert

Mwaka 1925 mtaalamu wa miamba E. J. Wayland alichapisha taarifa juu ya mafuta yaliyochuruzika ardhini kando ya Ziwa Albert, nchini Uganda. Mwaka 1938 kisima kilichimbwa Butiaba. Mwaka 2006 ikathibitika kuwa mafuta yapo ya kutosha biashara. Lakini Kibiro, ambako pia mafuta huchuruzika, wanawake wa Bunyoro wamefanya chumvi kwa karne nyingi: hukwangua udongo wa chumvi, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha maji hayo. Mafuta yatakwisha siku moja. Ujuzi ambao binti hupokea kwa mamaye ukikatika haurudi. Walimu wenzangu, tuyaandike maneno ya kazi hiyo kabla wajuzi hawajatutoka.