Kusude

Mwenye lori wa Uvira anapotaka karoseri ya mabomba ya chuma, ya kuhimili barabara ya Bukavu, hamwambii fundi achomelee, humwambia asude. Neno limetoka kwenye Kifaransa, souder. Kigoma, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, wanachomelea. Vitabuni tunakuta kulehemu, la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na lahm, nyama: chuma kinashikana kama jeraha linavyofunga. Hilo nalipenda kuliko yote, maana linataja kazi yenyewe. Fundi hodari hushikiza kwanza kila kona kwa nukta ndogo, apime kimshazari, ndipo apitishe mshono mzima. Moto mwingi ukitangulia, fremu hupinda. Hata hivyo neno kusude ni Kiswahili cha hapa Uvira, na kamusi zetu zinapaswa kulipokea.