Shambulio la hofu na wasiwasi: utambuzi wa dalili Bura na Garissa

Shambulio la hofu ni hofu kali inayomshika mtu ghafla na kufika kilele ndani ya dakika chache, huku mwili ukitoa dalili zinazofanana na za ugonjwa wa kuua. Hali hii inaweza kuwa sehemu ya matatizo ya wasiwasi, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa yaliwapata watu milioni 301 mwaka 2019. Takriban mgonjwa mmoja tu kati ya wanne hupata matibabu. Wengine huteseka kwa miaka wakidhani wana ugonjwa wa moyo, presha au wametupiwa jini, ilhali maradhi yao yanajulikana na yanatibika.

Hofu yenye sababu na hofu inayobaki

Bura ya kaunti ya Garissa iko katika eneo la Fafi, karibu na mto Tana. Ng'ambo ya mto, katika kaunti ya Tana River, kuna Bura nyingine yenye mradi mkubwa wa umwagiliaji. Fafi ndiko iliko pia kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Watu wa huku wamekuwa na sababu za kweli za kuogopa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko.

Kuogopa wakati wa hatari ni afya, wala si udhaifu wa imani au wa moyo. Hofu huwa ugonjwa inapobaki baada ya hatari kupita, au inapomzuia mtu kulala, kufanya kazi, kusafiri au kukaa na wenzake. Siku 10 baada ya mauaji ya Garissa, mlipuko wa umeme ulitokea katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakakimbia na kuruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Kukimbia kule hakukuwa ugonjwa, ila kunaonyesha jinsi mwili unavyoweza kuitikia kishindo kabla akili haijapambanua kilichotokea.

Dalili za wasiwasi wa muda mrefu

Wasiwasi wa kudumu huingia polepole. Mtu huwaza mabaya karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, na hawezi kuyazuia mawazo hayo hata mambo yanapokuwa shwari. Pamoja na mawazo hayo huwa na dalili kadhaa kati ya hizi: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kukaza fikira, kukasirika kwa jambo dogo, misuli ya shingo na mabega kukakamaa, na usingizi wa mang'amung'amu. Watoto hulalamika tumbo au kichwa, hasa asubuhi ya kwenda shule.

Dalili za shambulio la hofu

Shambulio huja kwa kishindo, pengine mtu akiwa ameketi tu au amelala. Madaktari huhesabu dalili 13, na mtu akipatwa na 4 au zaidi kwa pamoja, hilo ni shambulio kamili:

- moyo kwenda mbio au kudunda kwa nguvu;
- kutokwa jasho;
- kutetemeka;
- pumzi kuwa fupi;
- kuhisi kukabwa koo;
- maumivu au kubanwa kifua;
- kichefuchefu au tumbo kuvurugika;
- kizunguzungu;
- baridi au joto la ghafla;
- ganzi vidoleni au mdomoni;
- kujiona kana kwamba yuko nje ya mwili wake, au mazingira kuwa kama ya ndotoni;
- hofu ya kurukwa na akili;
- hofu ya kufa papo hapo.

Chanzo chake ni mfumo wa tahadhari wa mwili. Ubongo hutoa ishara ya hatari, adrenalini humwagika katika damu, moyo huongeza kasi na misuli hujiandaa kukimbia au kupigana. Mtu huhema upesi mno hadi kiwango cha hewa ya kaboni katika damu kikashuka, na kushuka huko ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu. Shambulio lenyewe haliui, na kwa kawaida hutulia kabla ya nusu saa kwisha. Madhara makubwa hufuata baadaye: mtu huanza kuogopa shambulio lijalo, akakwepa soko, basi au msikiti uliojaa watu. Hofu hiyo ikidumu mwezi mmoja au zaidi, imekuwa ugonjwa kamili.

Magonjwa yanayofanana nalo

Mgonjwa apimwe kwanza, hasa ikiwa ni mara yake ya kwanza. Upungufu wa damu, pumu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka na malaria huweza kuleta dalili hizi. Katika joto la Garissa, kupungukiwa na maji pia huharakisha moyo. Miraa nayo ina kemikali inayochangamsha moyo na kufukuza usingizi, kwa hiyo mhudumu aulize kama mgonjwa anatafuna, na kiasi gani. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono au taya, kuzirai, au pumzi isiyorudi ni dharura ya kupelekwa hospitali mara moja.

Msaada na tiba

Aliye karibu akae na mgonjwa, azungumze kwa upole na kumwongoza apumue taratibu, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Kumwambia "acha uoga" humwongezea aibu, na aibu humfanya afiche maradhi.

Tiba ya mazungumzo humfundisha mgonjwa kuzielewa dalili zake na kurudi kidogo kidogo katika mahali anapopakwepa. Dawa kama fluoksetini na setralini husaidia pia, ingawa nafuu yake huhitaji wiki kadhaa. Diazepamu hutuliza upesi lakini huzoesha mwili, na haifai kununuliwa dukani kiholela. Anayetaka kusomewa Kurani asomewe, huku akiendelea na matibabu.

Uhaba wa madaktari wa akili kaskazini mashariki usimkatishe mtu tamaa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5 vya kukabiliana na matatizo ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa kijamii waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa dhiki yao ilipungua. Kwa hiyo, mhudumu wa zahanati au mhamasishaji wa afya ya jamii akifundishwa dalili hizi, anaweza kuwa mlango wa tiba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia hutoa ushauri nasaha bila malipo kwa simu nambari 1199. Mwenye dalili hizi ana haki ya kusikilizwa sawa na mwenye homa.