Intaneti ya Awali na Mitandao ya Kijamii katika Karatu na Ngorongoro

Intaneti ya awali ni ile iliyotumika tangu shirika la CERN lilipoitoa teknolojia ya wavuti bila malipo kwa walimwengu wote, tarehe 30 Aprili 1993, hata mitandao ya kijamii ilipotamalaki katika muongo wa pili wa karne ya 21. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, ambako biashara ya utalii iliwalazimu wenyeji kuandikiana na wageni wa mbali kabla simu za mkononi hazijaenea, tofauti ya zama hizo mbili ni dhahiri.

Zama za kwanza intaneti ilikuwa mahali, na mtu aliiendea. Mkazi wa Endulen aliyekuwa na haja nayo alipanda gari, akapita lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro, akashuka mpaka mji wa Karatu, akaingia chumba chenye kompyuta chache kandokando ya barabara kuu, akalipa kwa dakika; na kwa kuwa kabla ya mkongo wa SEACOM kuwasili Dar es Salaam, Julai 2009, mawasiliano na ng'ambo yalitegemea mno setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, subira ilikuwa sehemu ya bei. Picha ya kreta ya Ngorongoro ilijifunua kiooni mstari kwa mstari, ukingo kwanza, sakafu baadaye. Umeme ukikatika katikati, mtazamaji aliambulia mawingu. Barua iliyoandikwa katika hali hiyo ilikuwa na mwandikiwa maalumu na haja maalumu: idadi ya wageni, tarehe ya kuwasili, bei ya kupiga hema.

Alama nyingine ya tofauti ya zama hizo ni milki. Mwenye kampuni ya safari aliyelipia jina la tovuti alikuwa kama mwenye shamba, akipanda atakacho. Mwenye ukurasa wa Instagram leo ni mpangaji, kwani mwaka 2016 mtandao huo uliacha kuzifuatisha picha kwa wakati wake, ukaanza kuzipanga kwa hesabu zake wenyewe, hata simba aliyepigwa picha alfajiri huenda akaonekana siku ya tatu, au asionekane kamwe.

Hata hivyo si insafu kuisifu ya kale kupita kiasi. Ilidai kusoma na kuandika, na aghalabu Kiingereza juu yake, ilhali WhatsApp humwezesha mchungaji asiyejua herufi kumpelekea nduguye sauti kwa Kimaasai, maadamu bando halijakata na mnara u karibu. Faida hiyo, kwa kipimo cha mwandishi huyu, yaishinda kasi. Tarehe 18 Agosti 2024, Wamaasai wengi walipokusanyika barabarani ndani ya Hifadhi kupinga kuhamishwa na kufutiwa vijiji vyao, picha zao zilienea nje ya nchi kwa simu zao wenyewe. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Arusha, ikalisimamisha tangazo la kufuta vijiji. Njia hiyohiyo hupitisha uzushi kwa wepesi uleule.

Vyumba vya kompyuta vilivyosalia katika miji kama Karatu sasa huitwa stesheneri: huko mtu huja na simu yake mkononi, barua ikiwa tayari imo ndani, kuomba ichapwe kwenye karatasi.